Wiki ya Maji Mafu

Hapa kwetu kitu kikifa kimekufa. Moto ukifa unakwenda kuomba kaa kwa jirani, ng'ombe akifa unamchuna, mtu akifa mnachimba. Sasa karani anasimama mbele ya kanisa, Jumapili, anasema wiki nzima maji ya mto yatakuwa mafu. Wewe ungeelewa nini? Mimi nilielewa kwamba nitavuka siku nitakayo. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani, mke wangu Kokugonza, na zahanati iko ng'ambo.

Wapo mpaka leo wanaosema mimi, Kashaija, ningetuma mtu akautazame mto kwanza. Aliyeanza kulisema ni mkungu Kahigi, mkuu wetu wa kijiji, yeye aliyeweka dole gumba lake kwenye karatasi ya kukubali ukuta wa mtoni. Nawaacha waseme. Anayetawala hakosi mtu wa kumtupia lawama.

Kwetu ni Nyakashozi, kilima kilichojitenga. Mbele yetu unapita mto Kakindo, nyuma na pembeni ni mafunjo ya Kagera, mahali ambapo hata kiboko hupita kwa kupapasa. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, kivuko cha mawe. Zamani maji yalifika magotini. Masika yakizidi yalifika mapajani, na hata hapo wanawake walivuka na mikungu ya ndizi kichwani wakisengenyana. Kanisa letu la Kilutheri liko ng'ambo, soko liko ng'ambo, njia ya Mabira iko ng'ambo, na zahanati ya misheni ipo hukohuko. Hatukuwahi kuona kwamba tunakaa kisiwani, kwa sababu hatukukaa kisiwani.

Kampuni ya bati ilikuja baada ya vita ya pili. Milima ya ng'ambo ina bati, na bati linataka mashine, na mashine zinataka kula. Kuni walishazimaliza. Ndipo akaletwa Mzungu mmoja mrefu, shingo nyekundu, ambaye sisi tulimwita Bwana Maji. Mkungu Kahigi akatuitia baraza. Bwana Maji alisimama juu ya sanduku la chai akaongea Kiingereza, na karani wake Egbert akageuza kwa Kiswahili.

Huyu Egbert ni Mhaya wa upande wa Bukoba, lakini alikuwa amekaa Tanga bandarini mpaka akasahau kula ndizi. Alirudi na kanzu, miwani, na Kiswahili cha watu wa huko, kile kinachoteleza kama samli. Sisi Kiswahili chetu ni cha kununulia chumvi na kuuzia ng'ombe.

"Bwana anasema," alisema Egbert, "kwao kuna bahari. Bahari hujaa na kupwa, hujaa na kupwa, kila siku, haichoki wala hailishwi. Wakubwa wa kwao wanataka kujenga ukuta pale mto unapoingia baharini. Bahari ikijaa, maji yanaingia kwa mlango. Mlango unafungwa. Bahari ikipwa, yale ya ndani yanafunguliwa, yanatoka kwa nguvu, yanazungusha gurudumu, na gurudumu linazaa umeme. Bila kuni, bila makaa, bila moshi."

"Kupwa ni nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Ni maji kurudi, waitu, mzee wangu."

"Kurudi wapi?"

"Baharini."

"Si umesema yako baharini?"

Watu wakacheka, na Egbert akafuta miwani yake mpaka tukamaliza. Halafu akaendelea. Hapa hakuna bahari, akasema, kwa hiyo Bwana atatuundia ya kwake. Juu kidogo ya kivuko, pale mawe yanapoubana mto, atajenga ukuta. Usiku mlango utafungwa na maji yatakusanyika nyuma yake. Asubuhi yatafunguliwa yapige gurudumu. "Kwa hiyo mto wenu utajaa asubuhi na kupwa jioni, kama bahari ndogo. Na zahanati itapata taa. Na itakuja mashine ya kusaga."

Wanawake walikuwa wamekaa nyuma. Kokugonza akasimama. Mke wangu hakuwa mtu wa kusukumwa asimame.

"Muulize hawa samaki ningu wanaopanda kutoka Kagera kuja kutaga watapita mlango gani."

Egbert akageuza. Bwana Maji alianza kucheka, halafu akaacha, akasema maneno marefu, anaonyesha kwa mikono vitu vya chini chini, kama mtu anayeokota. Egbert akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia.

"Anasema watazoea."

Baada ya baraza nilimfuata. Nikamwambia, karani, mtu hawezi kusema watazoea kwa muda wote ule. Akacheka kidogo. "Alisema hata kwao watu wa pwani wameuliza hilohilo. Wale wanaookota kome kwenye tope, na wanaotega samaki wanaoingia mtoni. Wanasema bahari ikizuiwa, tope halitakauka na kulowa kama zamani, na samaki watakatwa na gurudumu, na ndege wa tope watakosa pa kula. Bado hawajajibiwa."

"Mbona hukutuambia?"

"Halikuwa jibu, mzee. Mimi natafsiri majibu."

Kahigi akaweka dole gumba, na ukuta ukajengwa.

Sitasema uongo, taa iliwaka, hata usiku na Jumapili, kwa betri zilizokunywa umeme mchana wa siku za kazi. Jumapili ya kwanza baada ya kuwaka, Kokugonza alipitia zahanati baada ya ibada, na Felicitas, muuguzi wa pale, akamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza, akazima, akabonyeza, akazima. Felicitas akamwambia, "Mama, utaichosha." Kokugonza akajibu, "Ichoke. Mimi nimepuliza moto tangu nilipoota meno." Alirudi nyumbani anaimba. Nilipomwambia ukuta wako umetuharibia mto, alinijibu, "Ukuta si wangu, Baba Deodatha. Wangu ni taa."

Na mto ulikuwa umeharibika kweli. Masika ya kwanza ningu walipanda kama kawaida yao, kwa sababu samaki hasomi matangazo. Wakaukuta ukuta. Wengine walirukaruka pale chini mpaka wakafa, wengine wakageuka wakataga kwenye majani ya ukingoni wakati mto umejaa. Jioni mlango ukafungwa, mto ukashuka, mayai yakabaki kwenye majani yamekauka kama mtama uliomwagwa. Masika ya pili tulitega migono yetu tukatoa magugu. Ukingo nao, kwa kulowa na kukauka kila siku, ukalegea. Bihogo wangu, ng'ombe mwekundu niliyempenda kuliko wote, alikwenda kunywa kama alivyokwenda siku zote, ukingo ukamwachia, akazama kwenye tope mpaka mgongo. Tulimvuta na kamba kutwa. Tulimtoa, lakini nyama.

Kisha madimbwi. Kila jioni mto ukishuka uliacha madimbwi katikati ya mawe, maji ya uvuguvugu yasiyokwenda popote, na mbu wakajua. Homa kwetu ilikuwa mgeni wa msimu, inakuja inaaga. Sasa ikahamia na mikeka yake.

Lakini kubwa lilikuwa kivuko. Mchana mto umejaa, huvuki. Ulivuka magharibi mpaka alfajiri, saa za viboko, na mzigo kichwani na roho mkononi. Jumapili tu mgodi ulilala na mlango ukafungwa mchana kutwa, na mawe yakatoka mgongo nje. Ndiyo siku tuliyokuwa watu. Siku nyingine tulikaa juu ya kilima tukitazama moshi wa soko la ng'ambo. Mtoto wetu Deodatha alikuwa ameolewa Nyaishozi, na nilikuwa nikimwambia mama yake, tazama, tumeolewa na mto huu sisi, na mahari wamechukua wengine.

Sasa nirudi kwenye Jumapili ile. Kokugonza alikuwa na homa tangu juzi yake, akabaki kitandani. Kwinini ilikuwepo ndani, Felicitas alitupa, lakini aliitapika. Na Felicitas alishasema tangu zamani, mgonjwa akitapika dawa aletwe achomwe sindano. Nilikwenda kanisani peke yangu. Baada ya baraka Egbert akasimama.

"Tangazo la kampuni. Kuanzia kesho, wiki nzima, ni maji mafu. Hayajai wala hayapwi."

Elieza akauliza ili ahakikishe. Elieza ni mzee wa kanisa, tena ndiye mkubwa wa engozi ya kilima chetu, ile machela ya fito na kamba ambayo kwayo tunabeba wagonjwa. Kila kilima kina chama chake na wabebaji wake.

"Hayajai kabisa, karani? Hata mchana?"

"Hata mchana. Si nimesema mafu?"

Watu wakapiga makofi kanisani, kitu ambacho mchungaji hapendi. Hayajai wala hayapwi. Tukaona ni sawa tu: kitu kilichokufa kitajaaje, tena kitapwaje? Kila mtu akaanza kupanga wiki yake. Mwingine ndizi zake sokoni, mwingine ng'ombe wake malishoni ng'ambo.

Nje Elieza akanishika mkono. "Mama Deodatha simwoni."

"Homa. Dawa inarudi juu."

"Tumbebe leo?"

"Nimemwacha amelala. Wiki nzima ni yetu, Elieza. Acha apumzike, tumpeleke ana nguvu ya kukaa kwenye engozi."

Elieza akakubali. Nani angekataa? Ungemtikisa mgonjwa aliyepata usingizi, jioni, mbio mbio, na huku wenye mto wamekuahidi mto?

Jumatatu mvua ilitufungia kilimani, hakuna aliyeshuka mtoni. Kokugonza alitoka jasho, akanywa uji, akanitania kwamba nimepika uji wa kubandikia karatasi. Nikaona ameshapona. Jumanne jua lilipochomoza macho yake yalikuwa ya njano, na mkojo mweusi kama kahawa iliyochemka kupita kiasi. Nikapiga pembe. Elieza akaja na wenzake, wakamlaza kwenye engozi, nikamfunika shuka, tukatoka.

Lazima nieleze jambo moja la watu wetu. Engozi ikishatoka uani na mgonjwa haigeuzwi naye. Inakwenda mpaka kwa mganga au kwa dakitari, na ikigeuzwa njiani, imegeuzwa na maiti. Haikuandikwa popote. Muulize Elieza atakuambia si dini, ni ushamba tu, lakini yeye mwenyewe hajageuza hata siku moja.

Tulishuka kilima tukiwa na furaha, nisifiche. Wabebaji waliimba wimbo wao wa njiani na Kokugonza akawa anaitikia kwa kidole, anakigonga kwenye ufito. Tulipotokea kwenye majani ya ukingoni, aliye mbele akanyamaza. Halafu wa pili. Halafu nikauona mto.

Maji yalikuwa yamefunika mawe yote. Hayakuwa yamejaa kama ya mchana, hayakuwa yameshuka kama ya jioni. Yalikuwa katikati, yanapita kwa nguvu, ya rangi ya matope.

"Labda yanashuka," Elieza alisema. "Ngojeni kidogo."

Tukachomeka kijiti kwenye ukingo. Tukangoja, engozi mabegani, wabebaji wanapokezana, kwa sababu chini hawamweki mgonjwa. Maji hayakupanda juu ya kijiti wala hayakukiacha. Elieza akavua shati, akaingia. Kwenye jiwe la kwanza kiuno, la pili kifua, la tatu hatukumwona isipokuwa kichwa, na mto ukampiga chini ukampeleka mpaka kwenye matete. Alitoka huko anatema maji, goti linatoka damu.

"Mtu mmoja akijua kuogelea anaweza," akasema. "Engozi haiwezi."

"Mafu gani haya?" mbebaji mmoja akauliza. "Haya yamekufa wapi?"

Nikawaacha, nikapanda kando ya mto mpaka ukutani. Usidhani mtu anaweza kuvukia juu ya ukuta ule. Hauna njia, juu ni ncha nyembamba inayoteleza, na mlango uko mwisho wa ng'ambo, pamoja na gurudumu la kuuzungushia. Kwenye gurudumu alikuwepo Yustasi, kijana wa kwa Kahigi hukohuko, aliyepata kazi kwa ajili ya lile dole gumba. Nikapiga kelele mpaka akasikia. Akamwita Egbert, naye akatoka kwenye kibanda, miwani imelowa.

"Karani," nikasema, "mgonjwa wangu yuko kivukoni. Ulisema maji mafu."

"Ndiyo, mzee. Maji mafu."

"Yako kifuani."

"Ndiyo maana yake. Hayajai, hayapwi. Yako hapohapo katikati."

"Yakifa yanasimamaje kifuani?"

Akainua mikono. "Mzee Kashaija, bahari ina bamvua na ina maji mafu. Bamvua inajaa sana na kupwa sana. Maji mafu hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Kule Tanga kila mtoto anajua."

"Hapa ni Tanga?"

Akafuta miwani. Maji yalikuwa yananguruma katikati yetu na ilibidi kila neno tulitupe kama jiwe. Nikamwambia afunge mlango, mto ushuke, tuvuke, halafu afungue afanye anavyotaka.

"Siwezi. Mashine moja ya umeme imekufa." Nadhani alilisikia neno lenyewe likimtoka, kwa sababu alisita. "Imeharibika. Bwana amekwenda Bukoba kutafuta chuma chake. Imebaki moja, na mvua imejaa shimoni, kwa hiyo mlango uko nusu, mchana na usiku, pampu inayoyatoa isizime. Nikifunga, pampu inazima. Na kule chini wako watu wanazibua tope. Nuwagaba yumo."

Nuwagaba ni kaka wa mke wangu. Mama mmoja, baba mmoja. Alikwenda kuchimba bati baada ya ningu kuisha.

"Watoe, kisha funga."

"Bila amri? Shimo likijaa, nani atajibu?"

"Mimi nitajibu."

"Wewe hawakuulizi, mzee. Wanamuuliza Egbert."

Yustasi alikuwa ameshika gurudumu kwa mikono miwili. Nikamgeukia yeye. Nikamwambia, Yustasi, huyu mama alikukanda mgongo ulipovunjika ubavu, ulikaa kwangu ukinywa maziwa yangu.

"Mzee, nakumbuka," alisema. "Lakini mimi hapa ni mkono tu."

Egbert akasema nimsubiri, anakwenda mgodini kumwomba msimamizi. Nilimwona anakimbia kweli, kanzu ameikunja kiunoni, na hilo namwandikia. Nikakaa. Jua likapita utosini. Ndege fulani weupe, wale wanaofuata ng'ombe, walikuwa wamesimama mstari juu ya ukuta, kila mmoja anangoja samaki aliyepigwa na gurudumu. Wao bahari ya Bwana Maji iliwafaa. Egbert hakurudi. Baadaye nilisikia msimamizi alimwuliza, huyo mgonjwa ni wa kampuni? Akasema hapana. Basi.

Niliporudi kivukoni wabebaji walikuwa wamechoka, mabega yamevimba, na hakuna aliyeimba. Kijiti chetu kilikuwa palepale na maji palepale. Kokugonza alinitazama usoni akaona. Midomo ilikuwa imekauka. Nikamnywesha maji ya kibuyu kidogo, yakarudi.

"Egbert anasemaje?" Elieza akauliza.

Nikawaeleza. Kuhusu Nuwagaba nilitaka kupita juujuu, lakini mke wangu akalishika.

"Nuwagaba yuko chini?"

"Ndivyo wanavyosema. Labda wananitisha."

"Basi wasifunge," alisema.

"Kokugonza."

"Wasifunge. Mama yangu alizaa wawili tu." Akapumua. "Nirudisheni nyumbani. Hapa pana mbu."

Hakuna aliyesogea. Wabebaji walitazama miguu yao. Nikamtazama Elieza, naye akamtazama Mungu.

"Mama Deodatha," akasema taratibu, "engozi haigeuzwi na mtu anayepumua. Unajua."

"Si unasemaga ni ushamba?"

"Ni ushamba. Lakini sitaki kuwa mimi niliyeufanya ukawa kweli."

Ndipo nilipoona jinsi tulivyofungwa. Mbele mto umezuiwa na watu wenye suruali, nyuma njia imezuiwa na watu waliokufa zamani, na katikati sisi, na mwanamke mabegani mwa watu waliochoka, hawezi kwenda hawezi kurudi, kama maji yenyewe. Nilisema maneno mabaya. Niliwatukana wazee wetu na ukoo wa Egbert, nikamtukana Kahigi na dole lake, na Mfalme wa Waingereza nikamgusa. Elieza aliniacha nimalize. Ni mtu mvumilivu, na goti lilikuwa linamuuma.

Kokugonza alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Elieza," aliita. "Iliyokatazwa ni kugeuza?"

"Kugeuza."

"Basi msigeuze. Rudini kinyumenyume. Uso wangu uelekee zahanati, na nyinyi nyuso zenu zielekee zahanati, mkirudi nyuma. Engozi itakuwa haijageuka. Itakuwa imechelewa tu."

Mbebaji mmoja akacheka, kisha wote, hata Elieza. Kicheko cha watu waliochoka kinafanana na kulia. "Huyu mama angekuwa mkungu," akasema mmoja, "tusingekuwa na ukuta." Wakajipanga, wakanyanyua.

Mtu anayerudi kinyumenyume na mzigo anahitaji macho ya mwingine. Yakawa yangu. Nilitangulia, nikawa natembea mbele yao kuelekea nyumbani, nikiwatajia njia. Jiwe kushoto. Inueni miguu, mzizi. Shimo la kuchimbia udongo, piteni kulia, kulia zaidi. Sasa kilima kinaanza. Walinifuata kwa migongo, wanapiga hatua fupi, wanapumua kwa pamoja, na katikati yao yeye, ameinuliwa kichwa kwa shuka lililokunjwa, anaangalia mto.

Alikuwa anaongea nao. Sikusikia yote kwa sababu nilikuwa natazama njia. Nilimsikia akimwuliza Elieza kama kutoka pale juu mtu anaona zahanati, na Elieza akasema anaona bati la paa. Akauliza kama taa imewaka. Elieza akasema bado ni mchana, mama, hawawashi mchana. Akasema Felicitas ni bahili. Wakacheka tena. Nikasema, tahadhari, hapa panateleza, shikeni majani. Wakashika majani.

Kwenye kona ya migomba yangu ya kwanza palikuwa na mti ulioanguka njiani baada ya sisi kupita asubuhi. Nikawaambia wasimame, nikauvuta pembeni, kazi ya muda kidogo kwa mtu mmoja. Nilipomaliza nikasema, haya, njooni, ni tambarare sasa mpaka uani. Hawakuja. Nikasema tena njooni. Nikageuka. Niliona migongo yao tu, imesimama, na Elieza amevua kofia.

Wote walimwona. Elieza alimwona, na yule aliyecheka, na wale wawili ambao hata si ndugu zetu, wametoka kusaidia tu. Wao walikuwa wanamtazama usoni njia nzima, wa kichwani kwa kumwinamia, wa miguuni kwa kugeuza shingo. Mimi mumewe nilikuwa naangalia mizizi na mashimo, kwa kuwa karani alisema mafu na mkungu akaweka dole na Bwana yuko Bukoba anatafuta chuma, na lazima awepo mtu wa kuangalia njia.

"Sasa tunaweza kugeuza," Elieza alisema.

Wakageuza engozi, wakapita mbele yangu wakitembea kama watu wanavyotembea, wakaingia uani.